Huduma kwa jamii ya mahakama, saa zinamalizika mtandaoni? Maswali tunayoulizwa sana Arusha na Moshi

Haya maswali yanatufikia kila wiki. Mengine ni ya watu wa hapahapa Arusha na Moshi waliopewa huduma kwa jamii na hakimu, mengine, na siku hizi ndo mengi, ni ya wazazi na madada ambao ndugu yao yuko Marekani, mahakama ya huko imempa saa kadhaa za kujitolea na yeye anataka azimalize kwa simu akiwa kitandani. Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, kwahiyo haya ni ya kukufungua macho kabla hujaenda kwa wakili, usiyachukue yakawa ndo wakili wako. Kitu kimoja utakiona kinajirudia karibu kila jibu na nimekirudia makusudi: ruhusa kwanza, saa baadaye. Wanaokuja ofisini wanalia karibu wote walianza na saa.

Huduma kwa jamii si ndo kifungo cha nje?

Mtaani kila kitu kinaitwa kifungo cha nje na hapo ndo vurugu inapoanzia. Yule aliyeachiwa kwa sharti kwamba asifanye kosa lingine ndani ya miezi 12 anaitwa hivyo, yule aliyetolewa gerezani amalizie adhabu yake nje anaitwa hivyo, na huyu wa huduma kwa jamii naye hivyohivyo, lakini kila mmoja ana karatasi yake na masharti yake. Wa kwanza hafagii popote, anakaa kwake atulie tu. Huyu wa huduma kwa jamii anafanya kazi ya umma isiyo na malipo badala ya kwenda kulala gereza la Karanga au Kisongo, na sheria yake ni Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Inamgusa mtu ambaye kosa lake linabeba kifungo kisichozidi miaka 3, au linabeba zaidi ila mahakama ikaona kwa huyu inatosha miaka 3 au pungufu.

Wengi mnakumbuka ya mwaka 2016, Basil Mramba aliyekuwa mbunge wa Rombo na waziri wa fedha, pamoja na Daniel Yona aliyekuwa waziri wa nishati na madini, walikuwa wanatumikia kifungo, Mahakama ya Kisutu ikawabadilishia wakapangiwa usafi hospitali ya Sinza Palestina kule Dar, saa 4 kwa siku. Naitaja kwasababu kuna watu wanaona aibu kushika ufagio hospitali ya Mount Meru au Mawenzi majirani wakipita, mpaka mtu anamjibu hakimu bora niende ndani. Ndugu yangu usijibu hivyo. Mawaziri walifagia. Na we ukifagia jioni unarudi kwako, watoto wanakuona, biashara yako haifi.

Kwa siku ni saa ngapi, na naweza kukimbiza nimalize mapema?

Saa 4 kwa siku, ukimaliza unaenda kwenye shughuli zako, na hiyo ndo busara ya hii adhabu, mama ntilie anafagia asubuhi mchana anapika. Tofauti na Marekani, kule jaji anakupa rundo la saa, tuseme 50, unazipunguza taratibu mpaka ziishe. Hapa kwetu unapewa muda, miezi 6, mwaka, na kila siku ina saa zake. Kwahiyo ile hesabu ya "nitapiga saa 12 Jumamosi nifidie" usiifanye kichwani mwako wala usikubaliane na msimamizi wa pale hospitali kienyeji. Nenda kwa afisa probesheni, yule anayesimamia adhabu yako, umuulize, ajibu yeye.

Sawa, kwa Tanzania naweza kufanya kwa mtandao?

Hapana.

Najua kuna watu wanatafuta kwenye Google wanakutana na matangazo ya "maliza saa zako nyumbani", yale ni ya Marekani na hata huko sio mahakama zote zinayataka. Kwetu amri ya hakimu inakutuma sehemu, shule fulani, hospitali, ofisi ya umma, kupanda miti, kutengeneza barabara, na kuna mtu pale anayekuona kwa macho na kusaini fomu ya mahudhurio. Ukimpelekea afisa probesheni cheti cha kozi ya mtandaoni hata kama ni kozi nzuri kiasi gani, ulichomthibitishia ni kwamba siku zile hukuwa kazini.

Mbona kesi zenyewe sasa hivi zinaendeshwa kwa video na nyaraka zinafunguliwa kwa mtandao? Adhabu inashindikana nini?

Swali zuri na naelewa linapotoka. Ni kweli, mahakama zetu zina kanuni za kufungua mashauri kwa mtandao tangu 2018, mashahidi wanatoa ushahidi wakiwa mbali, mawakili hawabebi tena mafaili kama zamani. Ila hapo kilichohamia mtandaoni ni karatasi na maneno. Adhabu hii ni kazi ya mikono inayorudi kwa jamii ileile uliyoikosea, na mwananchi wa Ngarenaro au Pasua anatakiwa aione.

Mimi binafsi naona kuna siku itabidi tufikirie. Kijana anayejua kompyuta angeweza kuingiza kumbukumbu za wagonjwa au kutengeneza kompyuta za shule ya kata, na ingekuwa faida zaidi kuliko kumpa jembe ambalo hajui hata kulishika. Lakini angalia, hata hiyo angeifanya akiwa pale shuleni chini ya macho ya mtu, sio kitandani, na kama una ujuzi wa namna hiyo umwambie afisa probesheni mapema wakati anaandaa ripoti yako ili kama kuna kituo kinahitaji ajue.

Afisa probesheni kaja nyumbani anauliza majirani habari zangu. Ananichunguza tena? Si nimeshahukumiwa?

Usimkimbie na usimjaze uongo, huyo ndo mtu wako. Mahakama kabla ya kukupa huduma kwa jamii inataka ripoti: unaishi wapi, unaishi na nani, unafanya kazi gani, uliyemkosea anasemaje, kuna mtu mzima anayekujua. Ripoti ikisema "hana makazi yanayoeleweka" hakimu anaogopa utapotea, na hakimu akiogopa unaenda ndani. Kwahiyo kama umepanga chumba Unga Limited na wiki ijayo unahamia Sakina sema ukweli, mtaje mwenye nyumba, mpe na namba ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Nimeona watu wanaficha kwamba wanakaa kwa dada yao kwa vile wanaona haya, afisa anakuja kule alikoelekezwa anakuta mlango umefungwa, majirani wanasema huyo hatumjui, na ripoti inaandikwa hivyohivyo alivyokuta.

Alafu mahakama itakuuliza uko tayari au hauko tayari. Jibu kwa sauti. Usiinamishe kichwa ukadhani ndo heshima.

Mimi ni mgumu, yaani mpagazi, napandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Nikipata safari ya njia ya Machame napotea siku 7. Nifanyeje?

Hili linawatesa vijana wengi wa Moshi na halijibiwi na mtandao wala nini. Msimu ukifika kampuni inakupigia usiku, kesho asubuhi getini, ukikataa anachukuliwa mwingine na huenda usipigiwe tena. Naelewa kabisa. Lakini siku 7 bila taarifa kwa anayehesabu mahudhurio ni siku 7 za kukiuka amri, na afisa akipeleka taarifa mahakamani unaweza kuitwa au kukamatwa, na hakimu ana uwezo wa kuifuta hiyo amri na kukupa kile kifungo ulichokuwa umekikwepa.

Unachofanya, siku ya kwanza kabisa unaporipoti mwambie afisa kazi yako ni hii, msimu ni huu, safari moja ni siku 6 au 7. Usisubiri safari ipatikane. Akijua mapema anaweza kuangalia namna ya kupanga au kuirudisha mahakamani ombi lako lisikilizwe, ukimwambia ukiwa tayari getini na begi mgongoni hana cha kukusaidia. Ni vilevile kwa dereva wa watalii anayekwenda Serengeti, na kwa msiba, na kwa ugonjwa: taarifa kabla, karatasi baadaye, iwe ya hospitali au barua ya mwenyekiti, na nakala ubaki nayo.

Mdogo wangu anaweza kwenda badala yangu siku moja moja?

Hapana, hata siku moja. Amri ina jina lako. Na yule aliyesaini kwamba ulikuwepo wakati hukuwepo mmemwingiza naye kwenye matatizo.

Kuna mtu kaniambia nikitoa kidogo fomu inasainiwa yote, sihitaji kwenda.

Naomba usome hili taratibu. Kosa lako la mwanzo pengine lilikuwa dogo, ndo maana ukapewa huduma kwa jamii. Kughushi nyaraka kwenye Kanuni ya Adhabu kunakwenda mpaka miaka 7 jela. Yaani umetoka kwenye kosa la kufagia miezi 6 ukajipeleka mwenyewe kwenye kosa ambalo hakimu hatakuangalia tena kwa jicho lile la kwanza, na rushwa nayo ni kosa lake jingine peke yake. Anayekuomba hela ili asaini, piga 113 ya TAKUKURU, ni bure. Na kama unaogopa kupiga mwenyewe njoo kwa msaidizi wa kisheria yeyote, kazi yetu inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hatutozi hela.

Shikamoo. Kijana wangu yuko Texas, kapewa saa za huduma kwa jamii kwa ajili ya makosa ya gari, anasema kuna websaiti anamaliza saa zote kwa laptopu. Ni kweli au anaibiwa?

Marahaba mama. Vyote viwili vinawezekana ndo maana inabidi tuelewane vizuri.

Marekani huduma kwa jamii ilianza zamani, California mwaka 1966 kwa akina mama wa makosa ya barabarani walioshindwa kulipa faini, ikasambaa. Hakuna sheria moja ya nchi nzima ya kusema mtandao ruhusa au marufuku. Kila jimbo lina lake, ndani ya jimbo kila kaunti ina lake, na ndani ya jengo moja jaji wa chumba hiki anakubali wa chumba cha pili hataki kusikia. Kwahiyo websaiti ikiandika "tunakubalika mahakama zote" hapohapo ujue anayeandika anauza, kwasababu hamna kitu cha kukubalika mahakama zote.

Texas ina jambo zuri kwa kijana wako. Mtu asiye na uwezo wa kulipa faini ya makosa madogo anaweza kuibadilisha kuwa huduma kwa jamii na kila saa 8 zinafuta si chini ya dola 100. Kwa wiki wasimpe zaidi ya saa 16 isipokuwa jaji aone hazitamuumiza. Na tangu 2017 huko Texas huduma kwa jamii sio lazima iwe kuokota taka, mafunzo ya kazi yanahesabika, masomo ya kumalizia sekondari yanahesabika, ushauri nasaha, programu za kuacha pombe. Ndo maana masomo ya mtandaoni yanapata upenyo. Lakini ni jaji anayesema somo gani na kwa nani, sio kijana na sio websaiti.

Kwahiyo mwambie afanye hivi: apige simu kwa karani wa ile mahakama au afisa wake wa probesheni, amtajie jina kamili la shirika, amtumie na linki, alafu aombe jibu kwa maandishi hata imeili ya mstari mmoja "tunakubali". Hiyo imeili aitunze kuliko cheti chenyewe. Hapo ndo aanze.

Nitajuaje websaiti ya kweli na ya matapeli?

Mama mmoja wa Kiboriloni alikuja na simu yake, skrini ina ufa, ananionyesha kile mwanae alicholipia. Ukurasa una bei kama menyu, saa 10 bei yake, saa 50 bei yake, saa 100 ina punguzo, na chini cheti kina utepe wa dhahabu na saini ya mtu ambaye jina lake halisomeki. Nikatafuta namba ya simu hamna. Anwani hamna, kuna fomu tu ya kutuma ujumbe. Nikatafuta maelezo ya kazi yenyewe, mtu anafanya nini hizo saa 50, anasaidia nani, hamna pia. Kijana alilipa, akabofya kurasa akazimaliza jioni moja, cheti kikasema saa 50. Afisa wake alipokipokea hakuuliza habari ya utepe, aliuliza jioni moja ina saa 50 wapi, na nani alikuruhusu. Tarehe ya mwisho ilikuwa imebaki wiki mbili.

Kwahiyo angalia vitu hivyohivyo. Kuna kazi inayofanyika au kuna kulipa tu? Saa zinahesabiwa jinsi ulivyokaa kweli au unanunua kifurushi kama bando? Kuna binadamu anayepokea simu afisa akipiga, maana maafisa wa huko wanapiga kweli. Shirika limesajiliwa kama lisilo la faida, wao wanaita 501(c)(3), na shirika la kodi la Marekani, IRS, lina sehemu ya bure ya kutafuta jina kwenye tovuti yake. Ila hapa nako wengi wanateleza, kusajiliwa kunamaanisha shirika lipo, hakumaanishi jaji wako kalikubali.

Kulipia peke yake sio dalili ya utapeli, zipo kozi halali za hasira au pombe ambazo mtu analipa ada na mahakama inazijua. Kibaya ni kulipia saa ambazo hukuzifanya.

Zipo kazi za kujitolea za mtandaoni ambazo zina maana kweli?

Zipo nyingi na nyingine zinatuhusu sisi kabisa, na mimi napenda kijana aliyeko mbali akiulizwa na afisa "unataka kufanya nini" awe na jibu la maana.

Kuna Snapshot Serengeti, kwenye jukwaa la Zooniverse, ilianza mtandaoni mwaka 2012. Kamera zimefungwa mbugani zinapiga picha zenyewe mnyama akipita, picha ni nyingi mno kwa watafiti, kwahiyo watu wa dunia nzima wanaziangalia na kuandika huyu nyumbu, huyu fisi, wapo wangapi, wanakula au wamelala. Mtoto wa Monduli aliyeko Minneapolis atamjua swala granti na swala tomi kabla mwenzake hajafungua ukurasa wa msaada.

Kuna Crowd2Map, hii inachora ramani za vijiji vya Tanzania vilivyokuwa havionekani kwenye ramani yoyote. Unapewa picha ya setilaiti, unachora nyumba moja moja na njia zake kwenye OpenStreetMap. Ramani hizo zimetumika mkoa wa Mara kuwafikia mabinti wanaokimbia ukeketaji, usiku, gari linatoka halijui njia ya kuingilia kijijini. Ukichora ile njia umefanya kitu. Ipo pia apu ya Be My Eyes, mtu asiyeona anapiga video unamsomea lebo ya dawa au tarehe ya maziwa, kazi njema kabisa, ila kwa saa za mahakama inasumbua kwasababu unaweza kukaa siku nzima hujapigiwa, na kusubiri simu hakuhesabiki.

Ugumu wa zote ni saini. Majukwaa ya namna hii yaliundwa kwa watu wanaojitolea kwa hiari yao, sio kwa kusimamia adhabu za mahakama, kwahiyo usidhani ukimaliza kuna mtu atakujazia ile fomu. Waulize kabla kama wanathibitisha saa na kwa namna gani, jibu lao umpelekee afisa, afisa akikubali anza, akikataa umeokoa muda wako. Na andika daftari lako mwenyewe: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, ulichofanya.

Dada yangu anakuja nyumbani Desemba, saa zake hazijaisha. Anaweza kuzimalizia Moshi, kwa mtandao au kwenye kituo cha watoto?

Hili swali likija Novemba nakosa raha, maana tiketi mara nyingi imeshakatwa, ng'ombe ameshatengwa na bibi anahesabu siku.

Kwanza kusafiri. Mtu aliye chini ya uangalizi wa mahakama kule mara nyingi haruhusiwi kutoka nje ya jimbo, sembuse nje ya nchi, bila ruhusa ya afisa wake au jaji. Akiondoka kimyakimya na tarehe ya kuripoti ikapita, hati ya kukamatwa inaweza kutolewa akiwa huku anakula kisusio.

Pili kurudi. Hapa ndo nawaomba mnisikilize. Kwa mgeni, hata mwenye grini kadi, sheria ya uhamiaji ya Marekani ina maana yake yenyewe ya kutiwa hatiani: ukikiri kosa na jaji akakupa adhabu yoyote au kizuizi chochote, kwa macho ya uhamiaji unaweza kuhesabika umetiwa hatiani, hata kama mahakama ya jimbo ilikwambia ukimaliza saa zako kesi inafutwa. Na mwenye grini kadi aliye na baadhi ya makosa akitoka nje ya nchi, akirudi uwanja wa ndege anaweza kuchukuliwa kama mtu anayeomba kuingia upya. Kwahiyo kabla ya tiketi aonane na wakili wa uhamiaji, sio wa jinai peke yake, wote wawili. Na kama kesi bado, hajakiri, ajue kwamba tangu 2010 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani kwenye kesi ya Padilla v. Kentucky ilisema wakili wake wa jinai ana wajibu wa kumweleza hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Aulize waziwazi: nikikubali hizi saa, uhamiaji wangu unakuwaje? Asikubali kujibiwa "usijali".

Tatu ndo sasa saa zenyewe. Kituo cha watoto cha Moshi hakijasajiliwa kwa sheria za kodi za Marekani, na mahakama nyingi kule zinataka shirika lao au ofisi ya serikali. Inawezekana jaji akakubali kama ataombwa mapema na kuonyeshwa barua ya kituo, nani atasimamia, namba ya simu, kazi gani. Kuja tu, kukaa na watoto, kisha kuomba saini ya mlezi na kwenda nayo kumshtukiza afisa Januari, hiyo ni bahati nasibu. Mara nyingi ushauri wangu ni mgumu lakini nausema: abaki amalize, aje Pasaka.

Mimi nasimamia kituo cha watoto, mzungu anayejitolea kwetu ananiomba nimsainie saa za mahakama ya kwao. Nisaini?

Dada, kwanza muombe barua ya mahakama uisome, kama Kiingereza cha kisheria kinakusumbua tafuta mtu. Unataka kujua vitu viwili: mahakama imemruhusu afanyie kwenu, na kosa lake ni nini. Hilo la pili watu wanaona aibu kuuliza na mimi nasema una watoto pale ndani, uliza. Asipotaka kusema huna sababu ya kumpokea.

Ukishamkubali, daftari. Aingie asaini, atoke asaini, na we au mwenzako mweke saini palepale siku hiyohiyo, sio mwisho wa mwezi mnakumbushana. Saini saa ulizoziona kwa macho yako, akikuomba uongeze kumi za huruma kataa hata kama ameleta magodoro. Na weka namba ya simu mtakayopokea, kwasababu kuna siku itaita kutoka nje na mtu ataomba kuongea na aliyesaini.

Na aliyeko Uingereza?

England na Wales wanaita kazi bila malipo, saa kuanzia 40 mpaka 300, na kwa kawaida zinatakiwa ziishe ndani ya miezi 12. Sehemu ya saa inaweza kwenda kwenye masomo na mafunzo ya kazi, lakini hiyo inapangwa na ofisi ya probesheni yenyewe. Cheti ulichonunua mwenyewe mtandaoni hakina pa kukaa.

Ndugu yangu alishalipa na kumaliza, afisa kakataa cheti. Sasa?

Asigombane na afisa na asipotee, kupotea ndo kunageuza kosa dogo kuwa hati ya kukamatwa. Ampigie wakili aliyemtetea, hata kama ni yule wa serikali wa wasio na uwezo, aombe mahakama imuongezee muda kabla tarehe haijafika. Ukiomba kabla unaonekana mtu aliyedanganywa anayejaribu kurekebisha, ukiomba baada ya tarehe unaonekana umekaidi. Apeleke risiti na mawasiliano yake na ile websaiti yote, na siku anayokwenda kuomba muda awe tayari ana barua ya sehemu ya kweli, benki ya chakula, kanisa, msikiti, itakayompokea wiki hiyohiyo. Hela aidai kwa benki yake kama alilipa kwa kadi, lakini hiyo aifanye baadaye.

Nikimaliza napewa karatasi gani?

Hapa kwetu afisa probesheni anapeleka taarifa mahakamani kwamba umemaliza, omba nakala au angalau piga picha fomu yako ya mwisho ikiwa na muhuri. Usiondoke na neno la mdomo. Kwa aliyeko Marekani apeleke fomu halisi mwenyewe au kwa njia ya posta yenye risiti, abaki na nakala, na baada ya wiki moja ampigie karani amuulize kitu kimoja tu: imeshaingia kwenye faili?